Udongo wa Wanzala

Tangazo lilisomwa saa saba kasorobo mchana, baada ya lile la mama mmoja wa Bungoma aliyeacha wajukuu thelathini. Watu wa boma la Makhanu, kule Matungu, walikuwa wamejazana mlangoni pa nyumba kubwa. Redio iliwekwa dirishani juu ya Biblia, na Erastus, mdogo wa marehemu, aliishika antena kwa vidole viwili asiitikise. Msomaji hakuwa na haraka. Alisoma kifo cha Mzee Ezekia Makhanu, mume wa Khalayi, ndugu ya Erastus na Roda, "na baba ya Wanzala Makhanu, aliye India na timu ya taifa ya kriketi."

"Mmesikia?" Erastus aliuliza, antena ikamponyoka. "Wamesoma India."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Msiba ni msiba, na machozi yalikuwa hayajakauka, lakini tusidanganyane: India kutajwa katika kifo cha mtu wa Matungu kuliwapoza watu roho. Hata Khalayi, mjane mwenyewe, aliyeketi chini miguu ameinyoosha mbele, aliinua uso. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuitikia. Awinja, mke wa Wanzala, alikuwa amesimama nyuma ya wote na sufuria ya chai, na chai ikammwagikia mguuni asisikie moto.

Awinja alijua jambo ambalo redio haikulijua. Wanzala hakuwa India. Alikuwa Nairobi, katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya klabu alikofyeka nyasi asubuhi na kucheza jioni, mkono wake wa kulia umo ndani ya plasta. Barua ilikuwa imefika wiki mbili kabla. Siku nne kabla ya safari, mazoezini, mpira ulimpiga mkono ukavunja vidole viwili. Daktari akasema wiki sita, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. "Usimwambie mtu," aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kila upande. "Hata mama. Zaidi ya wote baba. Wenzangu wakirudi nami nitarudi, yataisha."

Basi Awinja aliishonea barua ile ndani ya mto wa mtoto wao Tyson, akanyamaza. Mzee alipoanza kuumwa kifua, kila asubuhi alimwuliza kupitia dirisha, maana mke wa mwana hasogei karibu na baba mkwe, "Mama Tyson, huko India wameanza?" Naye alijibu, "Bado, baba. Karibu." Mzee alikufa usiku wa kuamkia siku ya mechi ya kwanza.

Jioni ile wazee wa ukoo waliketi kupanga maziko. Ingekuwa ni mtu mwingine, angezikwa Jumamosi na habari ikaisha. Lakini kulikuwa na neno la marehemu, na neno lenyewe lilisikiwa na kijiji kizima. Mwezi wa Januari, siku ya kumuaga Wanzala, mzee alisimama uani, akavuta pombe ya busaa kwa mrija, akampulizia mwanawe kifuani, juu ya lile koti la kijani la timu lenye nembo mfukoni. Kisha akasema mbele ya watu, "Nenda. Na nikiondoka kabla hujarudi, wasinifukie. Wewe ndiye utaanza kuniwekea udongo." Watu walicheka wakapiga makofi. Mzee alikuwa bado anapalilia miwa yake mwenyewe, nani angefikiria kifo?

"Hapa hakuna cha kujadili," Erastus alisema. "Kaka alishasema. Maiti ikae mochari pale Kakamega mpaka kijana ashuke kwenye ndege."

"Na akikawia?" aliuliza Roda, dada ya marehemu.

"Ni serikali ilimpeleka. Serikali itamrudisha."

Awinja alikuwa akigawa chai. Alifika mbele ya Erastus, akapiga goti kumpa kikombe, na maneno yakamjia mdomoni. "Baba, labda tungeuliza kwanza kule Nairobi..."

"Nairobi kuna nani?" Erastus alimtazama kwa huruma. "Mama Tyson, mtoto wangu, India si Nairobi. Huko ni kuvuka bahari. Najua umemkosa bwana yako, hata sisi tumemkosa. Peleka chai kwa wale pale."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kufunika mdomo. Awinja akapeleka chai kwa wale pale.

Jumatano alipata kisingizio cha kwenda Kakamega, kununua shuka ya kumvisha marehemu. Nje ya posta kulikuwa na vibanda viwili vya simu, kimoja kimekufa na kingine kina foleni. Alisimama juani karibu saa nzima, sarafu zimemlowa mkononi. Simu ilipokelewa na Kipsang, mlinzi wa klabu, mtu mpole, ambaye alisema "pole mama" kabla hata ya kuuliza anayetakiwa. Awinja akatumbukiza sarafu, akatumbukiza nyingine, akisikiliza viatu vya Kipsang vikienda, kisha viatu vya watu wawili vikirudi.

"Nimesikia," Wanzala alisema, bila salamu. "Nilikuwa na Kipsang hapa getini wakati walisoma."

"Basi njoo."

Awinja alitumbukiza sarafu nyingine.

"Wanzala, baba yako yuko kwenye friji. Wamekataa kumzika mpaka ufike. Ukipanda basi usiku, asubuhi uko nyumbani."

"Nikifika asubuhi niseme nimetoka wapi?"

"Useme uliumia. Watu wanaumianga."

"Kuumia si kitu. Siku zenyewe ndizo mbaya." Sauti yake ilikatika, na Awinja akatambua kwamba mume wake analia, jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu amjue. "Ningesema siku ile ile, ingekuwa bahati mbaya. Sasa baba ameugua, amekufa, na mimi muda huo wote niko hapa Nairobi nimejificha kwa chumba. Nani ataelewa? Wewe mwenyewe ungeelewa?"

"Sijui," Awinja alisema. Na kweli hakujua.

"Hata koti walichukua. Nilivulia hapo ofisini, wakampa George, yule aliyeingia mahali pangu. Mikono ilimzidi urefu, wakaipindia ndani kwa pini. Lile koti baba alilipulizia, Awinja. Baraka ya baba imeenda India na George. Mimi nimebaki na plasta."

"Mzee alikubariki wewe, si koti."

"Wanarudi mwezi wa tatu. Nitakuja wakirudi. Ambia wazee wangoje kidogo tu."

"Wamekubali kungoja. Ni maiti ambayo haijakubali."

"Niahidi hutasema. Awinja? Niahidi..."

Sarafu zikaisha, simu ikakatika kabla hajaahidi. Alibaki ameshika mkono wa simu sikioni mpaka mtu wa nyuma akamgusa bega. "Mama, kama umemaliza." Akasema amemaliza, akaenda kununua shuka.

Siku ya kumi na mbili ya matanga, redio ikasema Kenya imewapiga West Indies.

Matungu nzima hapakuwa na mtu aliyeujua mchezo wenyewe. Mukhwana, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyejitwika kazi ya kueleza. "Hiyo ni kama Ingwe, timu yetu ya kandanda, waende kule Brazil wawachape nyumbani kwao," alisema, na hapo kila mtu akaelewa. Boma la msiba likageuka la sherehe. Wanawake walikata matawi, wakazunguka nyumba wakiimba jina la Wanzala. Vijana walimbeba Tyson juu juu kwa sababu baba yake hayupo wa kubebwa. Awinja aliimba pamoja nao. Angefanyaje? Mke wa shujaa akinyamaza, watu huuliza.

"Lakini hawajamtaja," Roda alisema redio ilipozimwa.

"Wachezaji ni kumi na mmoja," Mukhwana alimjibu. "Wakiwataja wote, habari za mvua zitasomwa saa ngapi?"

Watu wakaridhika. Lakini Khalayi alimwita Awinja kando ya ghala, akamshika kifundo cha mkono.

"Masikio yako ni mapya kuliko yangu. Umesikia jina lake?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi. Na zile siku zingine za mchezo nilisikiliza pia." Akamwachilia, akaenda zake taratibu.

Usiku huo huo Erastus aliibuka na mpango mpya, na ulimkaa vizuri mdomoni. Baba wa shujaa hawezi kuzikwa kichinichini. Mheshimiwa mbunge lazima aje, na D.O., na pengine hata mkuu wa wilaya; na wakubwa wakija, barabara ya kutoka Ekero itapitishwa greda, ile barabara waliyoililia miaka kumi. Mambo hayo yanataka muda. Wanzala akisharudi, waende naye ofisi hadi ofisi akiwa ndani ya koti lake, wapate tarehe. "Tuseme karibu na Pasaka," alisema. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Awinja, akiosha vikombe nyuma ya nyumba, alihesabu wiki mpaka Pasaka kwa vidole.

Jumatatu iliyofuata Khalayi alisema anataka kumwona mume wake. Erastus alimkataza. Mjane alivaa tu viatu vyake vya kanisani, akaenda Kakamega pamoja na Awinja. Mhudumu wa chumba cha maiti aliitwa Bramwel, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alisimama mlangoni kama anayetaka kuwazuia.

"Mama, ungemwacha tu hivyo. Siku ya kuzika mtamwona."

"Ni bwana yangu miaka arobaini na mitatu," Khalayi alisema. "Fungua."

Alikaa ndani muda mfupi. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu, akanawa tena. Bramwel alimsogelea Awinja. "Wewe ni mtoto wake? Basi ambia wazee. Friji inasaidia, lakini haizuii. Amekaa sana. Wiki mbili nyingine mtazika sanduku limefungwa, na mama hatamwona tena."

Wanawake wale wawili waliketi kwenye benchi nje ya ukuta. Khalayi alifungua fundo la leso yake, akalifunga, akalifungua tena.

"Ule uso umeanza kuwa wa mtu mwingine," alisema.

Awinja alikuwa amebeba lile jambo mwezi mzima, na sasa lilimshinda. "Mama, Wanzala hayuko India."

Khalayi hakugeuka. "Yuko wapi?"

"Nairobi. Aliumia mkono. Hakupanda ndege."

"Anajua baba yake amekufa?"

Hapo Awinja angeweza kusema hapana. Neno moja tu, na lingemponya mume wake. Lakini alikuwa amechoka kusema uongo, na uso wa mama mkwe ulikuwa karibu mno. "Anajua, mama. Tangu siku ya tangazo."

Mtu alipita na beseni la njugu kichwani, akawakaribisha wanunue, akaona nyuso zao, akaendelea na safari. Khalayi alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi sikiliza. Mtoto aliye India akikosa kumzika baba yake, huyo ni mtoto wangu, na watu watanihurumia. Mtoto aliye Nairobi akakosa kuja, huyo mimi sina. Mwezi huu nimepoteza mtu mmoja, natosheka. Wanzala akae India."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe. Mzee alikuwa anakuuliza kila asubuhi hapo dirishani, nawasikia."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa akipata uji wake anauliza, wameanza? Alikuwa na furaha." Khalayi akasimama, akakung'uta leso. Awinja hakujua kama amesamehewa ama amelaumiwa, na hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi yake, kabla watu hawajanawa uso, Khalayi aliwaita wazee mlangoni pake.

"Mzee amenijia," alisema.

Erastus akavua kofia.

"Amesimama hapo kizingitini, analalamika baridi. Nikamwambia, si ni neno lako tunafuata? Akasema, hilo neno nimelifuta. Mnizike Alhamisi. Udongo wa Wanzala muuweke kando, akirudi auweke mwenyewe."

"Alhamisi hii?" Erastus aliuliza kwa unyonge. Greda ilikuwa ikimpita mbele ya macho. "Hakusema kitu juu ya Mheshimiwa?"

"Hakumtaja."

Watu wa huko hawabishani na ndoto ya mjane. Marehemu akija akasema jambo, limesemwa. Atakayelipinga akapinge kaburini. Awinja alisimama nyuma ya mlango na jembe mkononi. Alikuwa amelala chumba kimoja na Khalayi usiku ule, na alijua kwamba mama yule hakupata hata lepe la usingizi. Alikuwa ameketi kitako mpaka jogoo wakawika, akisogeza midomo, akiipanga ndoto yake.

Mzee Makhanu akazikwa Alhamisi, chini ya mvua, bila mkubwa yeyote isipokuwa naibu wa chifu, aliyeondoka kabla ya chakula. Kando ya kaburi waliacha fungu la udongo, kadiri ya karai moja, wakalifunika kwa majani ya mgomba na kuweka jiwe juu. Watoto waliambiwa wasilikanyage. Watu wakaliita udongo wa Wanzala, na wageni waliokuja kutoa pole walionyeshwa. Mvua ikalinyeshea, jua likalichoma, mvua ikalinyeshea tena.

Alikuja mwezi wa tatu ukielekea kwisha, siku tisa baada ya timu kurudi, maana siku nane alizitumia kutafuta moyo. Plasta ilikuwa imeondolewa, mkono umekonda, vidole viwili havikunji. Alibeba begi lililoning'inia kikaratasi cha ndege kwenye mpini. Awinja alipolipokea begi alikiona kile kikaratasi, akasoma jina lililoandikwa kwa wino. Lilikuwa la George. Alikichana haraka akakitia mfukoni mwa sketi.

Wanawake walimlilia na kumpigia vigelegele kwa wakati mmoja. Erastus alimkumbatia, akamrudisha nyuma kumtazama. "Koti liko wapi?"

"Ni mali ya timu, baba. Limerudishwa."

"Na mkono?"

"Mpira."

"Mpira wa West Indies," Erastus aliwatangazia watu, na mnong'ono wa heshima ukapita.

Khalayi alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Wanzala alipiga magoti mbele yake. Midomo ilimcheza, na kwa kitambo ilionekana kana kwamba atasema kila kitu pale pale, mbele ya watu wote. Awinja aliomba aseme, halafu akaomba asiseme.

"Mama," Wanzala alianza, "mimi..."

"Habari ya India?" Khalayi alisema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu.

Wanzala alimtafuta Awinja kwa macho. Awinja alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

"Ni... ni mbali, mama."

"Najua ni mbali. Kungekuwa karibu ungekuja."

Hapo Wanzala alielewa, na damu ikamwisha usoni. Watu waliona majonzi ya kawaida ya mtoto aliyekosa kumzika baba yake, wakampa nafasi apite kwenda kaburini.

Aliondoa jiwe, akaondoa majani. Udongo ulikuwa umeshikana kama tofali na magugu yameota juu yake. Alijaribu kuuvunja kwa mkono wa kulia, vidole vikakataa. Akachukua jembe kwa wa kushoto, akapiga mara moja, likadunda. Mukhwana alipiga hatua kumsaidia, Roda akamvuta shati. Ule ulikuwa udongo wa mtu mmoja. Alipiga, akapiga, jasho na kamasi vikimshuka, mpaka vikatoka vipande vitatu vikubwa. Akaviweka juu ya kaburi, ambalo tayari lilikuwa limetulia na kuota nyasi, vikakaa pale juu juu, haviungani na chochote.

"Mleteeni kiti," Khalayi alisema Wanzala aliporudi. "Mgeni ametoka mbali. Watu wamekaa siku zote hizi wakingoja. Tuambie habari ya India."

"Mama, nimechoka na safari."

"Kidogo tu."

Basi akawaambia. Awinja alikuwa jikoni akisonga obusuma, ugali wa mgeni, na ingokho, kuku wake, ikichemka kando, na alisikia kila neno. Mume wake alisimulia joto la huko, na watu wengi uwanjani kama siafu, na hoteli yenye vitanda vya magurudumu, na jinsi wale weusi wakubwa wa West Indies walivyotoka wakiburura miguu. Ni mambo aliyoyapata kwa George na kwa redio ya Kipsang. Alisimulia vizuri. Watu walicheka, Mukhwana akauliza hili na lile, naye akajibu pasipo kukwama. Awinja aliona mwiko umesimama mkononi mwake, kwani kwa muda alikuwa ameyaamini.

Khalayi alisikiliza mpaka mwisho, kidevu kwenye kiganja.

"Na siku ile tunamzika baba yako," aliuliza, "ile Alhamisi. Huko mlikuwa mnafanya nini?"

Wanzala alivikanda vile vidole viwili visivyokunja.

"Tulikuwa tunapumzika, mama."

"Vizuri," Khalayi alisema. "Mtu hupumzika."

Khalayi aliishi miaka saba baada ya hapo. Wanzala hakuitwa tena kwenye timu. Mkono haukurudi kuwa mkono, na klabu ilimbakiza kwenye kazi ya nyasi. Kila Krismasi alikuja nyumbani na sukari na leso, akapiga magoti mkekani. Khalayi hakumwuliza habari ya mkono, wala ya kazi, wala ya watoto. Hayo alimwuliza Awinja. Kwa mwanawe alinyoosha mkono tu, akamtazama vizuri usoni, akasema, "Habari ya India?"

"Njema, mama," Wanzala alijibu, kila mara, mpaka siku ambayo mama naye aliwekewa udongo. Siku hiyo Wanzala alifika kabla ya watu wote, kaburi halijachimbwa.